Rosenbach: usiishie kwenye makabati ya vitabu

Ndugu, umeuliza kama Rosenbach, makumbusho na maktaba kule Philadelphia, Marekani, inamfaa mtu asiyependa vitabu vya kale. Inamfaa sana. Ilikuwa nyumba ya Philip na A. S. W. Rosenbach, ndugu waliofanya biashara ya vitabu adimu na vitu vya sanaa, na mpaka leo ina sura ya nyumba ya watu.

Usikose sebule ya mshairi Marianne Moore. Alifariki 1972, na chumba chake cha New York kikapangwa upya humo, samani zake na vinyago vyake vya tembo, kana kwamba ametoka kidogo tu.

Ila kinachonigusa mimi ni madokezo ya mwandishi Bram Stoker ya riwaya yake Dracula, kuhusu mfu mnyonya damu. Mhusika huyo alianza kwa jina la Wampyr. Stoker akalikata kwa kalamu, akaandika Dracula. Mkato mmoja wa wino tu! Karatasi hizo haziwekwi wazi kila siku, maana mwanga huziharibu, kwa hiyo waulize kabla hujafunga safari. Maktaba yao huhudumia kwa miadi.