Kwa nini zulia la Pazyryk halikuoza

Umeuliza imewezekanaje sufu na ngozi za wafugaji wa kuhamahama waliozikwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kufika makumbusho bila kuoza. Sababu ni barafu: katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai huko Siberia, maji yalipenya baada ya mazishi, hasa pale wezi wa dhahabu walipotoboa paa la kaburi, kisha yakaganda na kubaki barafu. Zulia lililofukuliwa humo na mwanaakiolojia Sergei Rudenko mwaka 1949, ambalo sasa limo katika Makumbusho ya Hermitage, St. Petersburg, bado linaonyesha wazi wapanda farasi na kulungu wenye pembe pana. Mimi, hata hivyo, ningeanza kutazama vinyago walivyovishwa farasi waliozikwa na mabwana wao, kimojawapo kikiwa na pembe za kulungu.