Chumba kikuu cha kulala: juu au chini?

SWALI: Ndugu Mhariri, msanifu ametuchorea ramani ya nyumba ya ghorofa yenye chumba kikuu cha kulala juu. Je, hatutajuta uzeeni?

JIBU: Ghorofani mtapata faragha na utulivu, tena mtalala karibu na watoto iwapo vyumba vyao viko huko, lakini joto la paa hushukia chumba hicho kwanza, jambo ambalo ramani haionyeshi, hivyo ulizieni kizuizi cha joto juu ya dari. Ama magoti, ambayo hayaombi ruhusa kabla ya kuchoka, ndiyo sababu ningedai chini kiwepo chumba kimoja chenye bafu lake na mlango wa sentimita 90, ambacho kwa sasa kitakuwa cha wageni. Bafu la juu likae juu ya la chini, mabomba yashuke wima.