Miezi mitatu katika idara ya usingizi

Daktari mwenzangu, umeuliza iwapo miezi mitatu unayotakiwa kuitumia katika idara ya usingizi, yaani ya ganzi na nusukaputi, ilhali umekuja kubobea katika uzazi na magonjwa ya wanawake, itakuchelewesha. Kwa maoni yangu haitakuchelewesha, mradi usiitumie kuhesabu sindano ulizochoma.

Ipe uzito zaidi ganzi ya uti wa mgongo, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi katika upasuaji wa kujifungua. Jifunze kwa nini shinikizo la damu hushuka baada ya sindano, kwa nini mama huinamishwa kidogo upande wa kushoto ili mfuko wa uzazi usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba ganzi imepanda hadi kutishia upumuaji. Hapo hutanung'unika, kama wapasuaji wengi tulivyozoea, unapoombwa usubiri kabla ya kukata.

Hesabu ya dozi usimwachie mwingine. Mililita 1 ya lidokeini (dawa ya ganzi ya kuchoma mahali panaposhonwa) ya asilimia 1 ina miligramu 10. Kwa kikomo kinachotumika sana cha miligramu 3 kwa kilo bila adrenalini, mama wa kilo 60 asipewe zaidi ya mililita 18 unapomshona msamba.

Kuhusu kuingiza mpira wa kupumulia, jizoeze chini ya usimamizi tu, kwani njia ya hewa ya mjamzito huvimba na tumbo lake huweza kurudisha chakula. Na ukiwa umempa mgonjwa wa kifafa cha mimba salfeti ya magnesiamu, mwarifu mtaalamu wa usingizi mapema, maana huongeza nguvu ya dawa za kulegeza misuli.