Kuanza Kuhariri Wikipedia ya Kiswahili: Anza na Kata Yako

Kilichonifanya nihariri Wikipedia kwa mara ya kwanza ni sentensi moja isiyo sahihi. Nilikuwa natafuta habari za kata niliyozaliwa, wilayani Mbozi, nikakuta makala ya mistari miwili iliyosema kwamba kata hiyo iko katika Mkoa wa Mbeya, ikataja idadi ya wakazi wake kulingana na sensa ya mwaka 2012, ikaishia hapo. Idadi ilikuwa sawa, lakini habari ya mkoa ilikuwa imepitwa na wakati, kwa sababu Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, Mbozi ikaingia humo na Vwawa ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Nilirudi kwenye ukurasa ule kwa siku kadhaa nikitarajia kwamba mwenye makala atairekebisha, hadi nilipoelewa kwamba mwenye makala hayupo. Makala ni ya yeyote anayeisoma na kuona kosa. Nikabonyeza neno «Hariri», nikafuta «Mbeya», nikaandika «Songwe», nikahifadhi.

Neno «wiki» lililomo katika jina Wikipedia huwatatiza wengi kwa kuwa kwetu sisi wiki ni siku saba. Hili lina asili ya Hawaii, ambako «wiki wiki» ni haraka haraka. Mmarekani Ward Cunningham alilipata kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, akaliweka kuwa jina la mfumo wake wa mwaka 1995, ambao kurasa zake msomaji yeyote angeweza kuzihariri papo hapo. Wikipedia ilianza Januari 2001 kwa utaratibu huo, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003.

Kabla ya kuhariri, fungua akaunti. Unahitaji jina la mtumiaji na nywila tu, lakini jina hilo litaonekana kando ya kila badiliko utakalofanya, kwa hiyo anayependa asitambulike achague jina lisilo lake. Faida ya akaunti ni kwamba wenzako wanajua pa kukuandikia, nawe unaweza kuweka kurasa unazozipenda katika orodha yako ya maangalizi ukaona kila zinapobadilishwa.

Jambo ninalomwonyesha kila mgeni kabla hata ya kitufe cha kuhariri ni kichupo cha historia. Ukikifungua utaona orodha ya matoleo yote ya makala tangu siku ilipoanzishwa, na kila mstari una tarehe, saa, jina la aliyehariri, ukubwa wa badiliko na maelezo mafupi aliyoyaacha. Ukichagua matoleo mawili na kuyalinganisha, la zamani hukaa kushoto na jipya kulia, na maneno yaliyobadilika hutiwa rangi. Mwishoni mwa mstari kuna neno «tengua», na mtu akiharibu ukurasa, hata akifuta makala nzima, neno hilo hurudisha toleo lililokuwapo kabla yake. Nimewaona watu wazima, walimu wenye uzoefu wa miaka mingi, wanaogopa kugusa herufi moja wakidhani wataiharibu kamusi elezo nzima. Wakishaiona historia, hofu hiyo huwatoka. Vilevile ndiyo sababu ninasisitiza kwamba usiache sehemu ya muhtasari tupu unapohifadhi: andika «nimesahihisha mkoa» au «nimeongeza tanbihi», yaani maelezo ya chini yanayotaja chanzo, ili anayekuja nyuma yako asilazimike kubahatisha ulikusudia nini.

Alama za kuandikia ni chache. Neno likizungukwa na mabano mraba mawili mawili, kama [[Vwawa]], linakuwa kiungo cha makala yenye jina hilo. Likikosa makala, kiungo huwa chekundu, na kiungo chekundu ni mwaliko wa kuiandika. Alama mbili za usawa kila upande, kama == Jiografia ==, hutengeneza kichwa cha sehemu. Hata hivyo, siku hizi unaweza kuhariri ukiuona ukurasa kama utakavyosomwa, kwa hiyo alama zisikuzuie kuanza.

Kazi halisi iko kwenye vyanzo. Ilipotoka sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania, wahariri wengi wapya, nami nikiwemo, tulikimbilia kubadilisha idadi za wakazi. Kosa langu lilikuwa kufuta tarakimu ya zamani na kuweka mpya huku nikiacha maneno «sensa ya mwaka 2012» na tanbihi yake vilevile vilivyokuwa. Matokeo yake, ukurasa ulidai kwamba ripoti ya mwaka 2012 inasema jambo ambalo haikulisema. Msomaji akifuata tanbihi hiyo ataona tofauti, na tangu hapo hataiamini tarakimu nyingine yoyote. Tarakimu, mwaka na tanbihi hubadilishwa pamoja, au havibadilishwi kabisa. Na mara nyingi ni bora kuacha hesabu zote mbili, kila moja na mwaka wake, ili ukuaji uonekane.

Vyanzo vyenyewe visipokubaliana, usijifanye hakimu. Wilayani kwetu kuna Kimondo cha Mbozi, jiwe kubwa la chuma lililotoka angani, ambalo wanasayansi walilitambua mwaka 1930. Kuhusu uzito wake utasoma kwingine tani 12, kwingine 16, kwingine hadi 25. Mhariri mwenye haraka huchagua moja na kuzifuta nyingine, kisha mwenzake huja kesho kuigeuza, na ukurasa hugeuka uwanja wa mivutano. Njia ya haki ni kuandika kwamba makadirio yanatofautiana, kutaja kila moja na kuitilia tanbihi yake, na kama ubishi unaendelea, kuupeleka kwenye ukurasa wa majadiliano ulio nyuma ya kila makala. Huko unaandika hoja yako kwa heshima, unaweka alama nne za mawimbi ~~~~ zinazogeuka kuwa sahihi yako na tarehe, kisha unasubiri majibu.

Lipo jambo ambalo lilinihuzunisha na bado linanihuzunisha. Babu yangu alinisimulia habari za asili ya jina la kijiji chetu, nami niliziandika katika makala kama alivyonieleza. Baada ya siku chache nilikuta zimeondolewa, na ujumbe wa upole katika ukurasa wangu wa majadiliano ukieleza kwamba habari isiyochapishwa popote haiwezi kuhakikiwa na msomaji. Niliona kama mzee wangu ameitwa mwongo. Baadaye nilikubali mantiki yake, kwa kuwa mtu mwingine angeweza kuleta simulizi tofauti ya babu yake na hakuna ambaye angeweza kuamua, lakini nadhani sisi ambao urithi wetu mwingi uko midomoni mwa wazee tunaumizwa zaidi na kanuni hii. Ninachoshauri ni kuvitafuta vitabu vya historia za makabila, ripoti za wilaya, tasnifu za vyuo vikuu na magazeti ya zamani, kwa sababu mara nyingi simulizi ya mzee imeshaandikwa na mtu mahali fulani. Isipokuwepo, ichapishwe kwanza kwingine. Wikipedia hufuata nyuma ya maandishi, haiyatangulii.

Kunakili ni kosa jingine la wageni. Makala yangu ya kwanza kamili ilifutwa mchana uleule nilipoiweka, kwa kuwa nilichukua aya mbili nzima kutoka tovuti ya taasisi fulani nikidhani kuitaja kunatosha. Haitoshi. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuyatumia tena, hata kibiashara, nawe huwezi kutoa ruhusa juu ya maneno ambayo si yako. Soma chanzo, kifunge, kisha andika ulichoelewa kwa maneno yako. Picha nazo zina sharti hilohilo: pakia ile uliyoipiga mwenyewe.

Tafsiri ya mashine inahitaji tahadhari ya pekee. Kupanua makala fupi kwa kutafsiri ya Kiingereza kunaruhusiwa, mradi utaje katika muhtasari ulikoitoa, lakini nimewahi kukuta chemchemi ya maji moto imegeuzwa kuwa majira ya mwaka kwa sababu neno la Kiingereza lina maana zote mbili, na aliyeiweka hakuisoma hata mara moja kabla ya kuhifadhi. Mtoto wa shule anayetafuta habari za wilaya yake kwa Kiswahili anastahili sentensi ambayo mtu mzima ameisoma kwa sauti na kuridhika nayo.

Kuhusu kujiandikia makala wewe mwenyewe, kampuni yako au mchungaji wako, jibu ni fupi: usifanye hivyo.

Ukiuliza uanzie wapi, nitakujibu uanze na kata yako. Zimejaa katika Wikipedia ya Kiswahili makala za kata zenye mistari miwili na alama ya mbegu chini yake, yaani ishara kwamba makala bado ni fupi na inahitaji kupanuliwa, zikimngoja mtu anayejua shule, mito, mazao na barabara za mahali hapo, na anayeweza kuyathibitisha. Ile ya kwetu sasa ina aya nne. Mwezi uliopita niliikuta katika orodha ya maangalizi: mtu nisiyemfahamu ameongeza sentensi kuhusu kilimo cha kahawa, ameitilia tanbihi, na katika muhtasari ameandika «nimezaliwa hapa». Nilifungua tanbihi yake, nikaikuta sawa, nikasahihisha herufi moja, kisha nikamwandikia salamu katika ukurasa wake wa majadiliano.