Modeli ya Usafiri Kanda ya Ziwa Ianze na Anayetembea

Kaunti ikitaka mpango wa usafiri, jambo la kwanza linalofikiriwa huwa ni kuhesabu magari. Kuhesabu magari ni lazima, lakini ukiishia hapo umeacha nje mwanafunzi anayetembea kila asubuhi, mfanyakazi anayetoka mtaa wa Nyalenda kwenda mjini Kisumu kwa miguu, na mama aliyepanda boda na karai la samaki. Safari ambayo haikuingia kwenye fomu haitaingia kwenye modeli, yaani hesabu ya kompyuta inayokadiria watu wanatoka wapi, wanakwenda wapi na kwa njia gani, na isipoingia kwenye modeli haitapata njia ya miguu wala kivuko. Kwa hiyo hesabu watu kwanza, kisha vyombo wanavyotumia.

Anza na mahali pa kuhesabia. Kituo kizuri ni kile ambacho msafiri hawezi kukikwepa, na hapa mito inatusaidia sana. Mto Yala unakatwa na barabara ya Kisumu–Busia karibu na mji wa Yala, na unakatwa tena na barabara ya Kisumu–Kakamega kabla hujafika Kakamega. Orodhesha madaraja yote ya mto huo ndani ya eneo lako, hata yale ya vijijini yanayopitwa na pikipiki na watembea kwa miguu. Ukiyahesabu yote kwa wakati mmoja unapata jumla ya wanaovuka kutoka kusini kwenda kaskazini, na jumla hiyo ndiyo itakayopima modeli baadaye.

Upande wa mashariki wa Kisumu usitegemee kituo cha Nyamasaria peke yake. Magari ya Kericho na ya Kisii hupita hapo pamoja, yakaachana Ahero. Weka kituo kimoja upande wa Awasi na kingine upande wa Katito. Usisahau pia njia ya Mamboleo kuelekea Miwani na Chemelil, kwa sababu matrekta na malori ya miwa hubadilisha kasi ya barabara nzima wakati wa mavuno.

Kila upande wa barabara uwe na makarani wawili: mmoja wa matatu, magari madogo, mabasi na malori, mwingine wa pikipiki, tuktuk, baiskeli na wanaotembea. Karani mmoja akipewa vyote, watembea kwa miguu ndio huachwa kwanza. Andikeni kwa vipindi vya dakika 15. Boda iwe na safu mbili, yenye abiria na isiyo na abiria, na idadi ya abiria iandikwe, kwani wawili au watatu si ajabu. Boda inayorudi tupu steji inachukua nafasi barabarani, lakini hakuna aliyesafiri. Idadi ya abiria wa matatu ihesabiwe penye matuta, gari linapopunguza mwendo. Gari likiwa kasini karani hubahatisha. Anayebahatisha utamjua kwa fomu yake: 20, 25, 30, 20, zote zikiishia kwa 0 au 5. Fomu ya namna hiyo irudiwe siku hiyo hiyo, na karani apumzishwe kila baada ya saa nne.

Kuhusu siku: angalau kituo kimoja kihesabiwe siku saba mfululizo, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na siku mbili kati ya hizo iwe saa 24. Vituo vingine vinaweza kuhesabiwa saa 12, halafu ukavipandisha hadi siku nzima kwa uwiano wa kituo hicho cha siku saba. Jumapili usiitupe, kwani ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye. Kwa masoko mengine muulize msimamizi wa soko siku yake kabla ya kupanga ratiba. Wiki ya kufungua shule na siku za mwisho wa mwezi zina sura yao. Ukizihesabu, ziwekwe kando.

Sasa mahojiano ya kaya, ambako pesa nyingi hupotea. Wengi hushika namba 384, yaani sampuli ya kukadiria uwiano mmoja kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Inatosha kukuambia ni sehemu gani ya kaya zina pikipiki. Haitoshi kujaza jedwali la nani anatoka wapi kwenda wapi. Ukigawa eneo katika zoni 40, yaani vipande vya ramani ambamo safari huanzia na kuishia, jedwali hilo lina visanduku 1,600 (40 mara 40). Kaya 384 zikikupa safari 8 kila moja, una safari 3,072, chini ya mbili kwa kila kisanduku, na vingi vitabaki na sufuri. Sufuri hiyo haimaanishi kwamba hakuna anayetoka Maseno kwenda Muhoroni. Zaidi ya hapo, kaya kumi za kijiji kimoja hufanana, kwa hiyo ukichagua kwa vijiji, zidisha sampuli mara moja na nusu hadi mbili. Tumia mahojiano ya kaya kujua kaya ya aina fulani hufanya safari ngapi, za nini na za umbali gani. Jedwali la kutoka na kwenda lijengwe kwa mahojiano ya steji na barabarani pamoja na modeli yenyewe.

Swali likiwa "ulisafiri mara ngapi jana?", utajibiwa "mara moja." Fuata siku ya mtu hatua kwa hatua: ulipotoka nyumbani ulienda wapi, ulipotoka hapo ulienda wapi, mpaka arudi nyumbani. Kaya zikionyesha watu wengi waliokwenda kazini na wachache waliorudi, karani ameruka safari. Na mama asijibu kwa niaba ya kila mtu ikiwa wenyewe wapo, kwa sababu safari fupi za watoto na vijana ndizo hupotea.

Makosa mawili ya kuandika hurudi kila mara. La kwanza ni saa. Anayehojiwa anasema "nilitoka saa mbili", na simu ya karani inataka mtindo wa saa 24. Karani anaandika 02:00 badala ya 08:00. Ukiona kilele cha wafanyakazi usiku wa manane, umelipata kosa. Fomu iwe na "asubuhi", "mchana", "jioni" na "usiku", na programu ndiyo ibadilishe. La pili ni majina. Kuna Luanda ya Vihiga kwenye barabara ya Busia, na kuna Luanda Kotieno ya Siaya, ufukweni. "Luanda" iliyoandikwa peke yake inaweza kumhamisha msafiri kaunti nzima. Chukua kaunti, wadi, na shule au soko lililo karibu.

Mahojiano barabarani yanahitaji kibali cha mwenye barabara na askari wa trafiki wa kusimamisha magari. Ya steji yanahitaji mwenyekiti wa steji aliyeelezwa mapema. Utafiti wenyewe uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ni sababu tosha ya kutoweka jina na namba ya simu kwenye faili moja na safari za mtu. Kisha kuza sampuli kwa kila saa na kila aina ya chombo. Zikipita matatu 60 ukahoji 12, kila moja inabeba uzito wa 5, yaani inasimama badala ya matatu tano. Zikipita pikipiki 300 ukahoji 15, uzito ni 20. Ukitumia uzito mmoja kwa vyote, pikipiki zinapungua kwenye jedwali na matatu zinaongezeka.

Zoni zifuate mipaka ya kata ndogo ili takwimu za sensa ya 2019 ziingie bila kukatwa. Ndani ya Kisumu ziwe ndogo. Zoni ikiwa kubwa, safari za miguu huanza na kuishia ndani yake, na modeli haizipeleki barabara yoyote.

Gharama ya safari ni nauli, muda wa kutembea hadi steji, muda wa kungoja na muda wa kusafiri. Muda wa kungoja upimwe, usikisiwe: matatu husubiri ijae, na saa nne asubuhi abiria anaweza kukaa ndani ya gari muda mrefu kabla halijatoka. Kasi pia pima kwa GPS ya simu ndani ya matatu. Fomula ya BPR, inayokadiria muda wa safari unavyoongezeka barabara ikijaa magari, yenye 0.15 na kipeo cha 4, ilitoka kwenye barabara za Marekani. Haijui matatu inayosimama nusu barabarani kupakia abiria pale Kondele.

Na weka feri kwenye mtandao wa njia. Kati ya Mbita na Luanda Kotieno watu huvuka kwa maji. Modeli isiyo na kivuko hicho itamzungusha msafiri wa Mbita anayekwenda Bondo hadi Kisumu, halafu utapanga kupanua barabara kwa ajili ya watu ambao hawapo.

Katika kulinganisha modeli na hesabu, kipimo cha GEH hutumika sana: tofauti ipigwe mraba, izidishwe kwa 2, igawanywe kwa jumla ya namba mbili, kisha utafute kipeuo cha pili. Modeli ikisema 620 na hesabu 500, unapata 5.07, na lengo la kawaida ni chini ya 5 kwa asilimia 85 ya vituo. Kipimo hicho ni cha saa moja. Ukiweka jumla za siku, 6,200 na 5,000, kosa ni lile lile ila jibu linaruka hadi 16.

Programu nyingi zinaweza kurekebisha jedwali lenyewe mpaka likubaliane na hesabu. Fanya hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa linaweza kukubaliana huku safari fupi zikiwa zimegeuzwa ndefu. Linganisha mgawanyo wa umbali kabla na baada, na hesabu za madaraja ya Yala zisiingizwe kwenye marekebisho hata kidogo. Jumla ya wanaovuka ikikataa kulingana na modeli, rudi kwanza kwenye uzito wa mahojiano ya pikipiki, kisha kwenye zoni, ndipo uguse namba za modeli.