Nilirudi nyumbani usiku, nikawa tumbo la sita

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nina kesi kijijini, huu mwaka wa pili niko machimboni. Nasikia mama ana hali mbaya. Nirudi?" Nikasoma mara tatu. Huyo ni mimi kabisa.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu huko Kongwa. Nikachukua 1,700,000 za sanduku nikanunue alizeti, nizirudishe kabla ya siku ya kugawana. Bei ikaporomoka. Nikavunja laini, nikakimbilia Geita. Ya Geita tuyaache.

Kilichonirudisha ni simu ya mdogo wangu: mvua imekata Februari, mtama umekaukia shambani. Nikashukia Mbande saa tano usiku nisije nikaonekana stendi ya Kibaigwa, bodaboda akanipitisha njia za ng'ombe. Mama hakulia. Aliwasha kibatari, akaniwekea ugali wa uwele uliopoa na mlenda, akakaa ananitazama nikila. Asubuhi ndipo nikajua nimekula kiporo cha wadogo zangu cha kwendea shule.

Wiki tatu nilijificha. Shambani siendi, kubeba magunia sokoni siendi, mbwa akibweka niko uvunguni. Najiona nimekuja kuokoa familia, kumbe nimeongeza tumbo. Vijana, nisikilizeni: mtu wa uvunguni hasaidii mtu!

Mjomba ndiye aliyenitoa. "Umekuja kumsaidia dada yangu, au kumtafutia na yeye kesi?" Tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kituoni na wadhamini wawili. Mahabusu nililala siku mbili. Kikundi kikakubali nilipe kidogo kidogo, na mwaka jana nimemaliza, kwa jembe na kwa magunia. Nyumba ya mama sasa ina bati. Lakini yupo mama mmoja hadi leo ananiita mwizi pale bombani, wanangu wakisikia. Nimelipa mpaka shilingi ya mwisho, mama!

Kwa hiyo, kijana: tafuta mtu mzima akutangulie. Wadhamini waje na barua ya mtendaji. Dhamana ya polisi hailipiwi, usidanganywe. Na usiingie usiku kama nilivyoingia mimi.

Niandikie unatokea kijiji gani na unadaiwa nini hasa. Ukisema ukweli, mjomba wangu bado ana nguvu za kupanda basi.