Maswali na majibu: Magurudumu ya ndege yakigoma

Taa ya gurudumu isipowaka, ndiyo kusema gurudumu halijatoka?

Si lazima. Kabla ya kutua, rubani hutafuta taa za kijani, kwa kawaida tatu: gurudumu la mbele, la kushoto na la kulia. Moja isipowaka, huenda gurudumu halijajifunga, au kuna hitilafu ya umeme, au ni balbu tu imeungua.

Balbu ndiyo iliyoanzisha mkasa wa ndege ya Eastern Air Lines, safari 401, usiku wa 29 Desemba 1972 karibu na Miami. Marubani walipanda hadi futi 2,000, wakaiachia mitambo iendeshe ndege, kisha wote wakaivamia ile taa. Mmoja alishuka uvunguni kuchungulia gurudumu. Kumbe mtambo ulioshikilia kimo ulikuwa umeachia, na ndege ikawa inashuka taratibu gizani mpaka ikagonga kinamasi cha Everglades. Watu 101 walikufa. Gurudumu lenyewe lilikuwa limetoka vizuri.

Miaka sita baadaye ndege aina ya DC-8 ya shirika la United la Marekani ilizunguka karibu na Portland kwa takriban saa nzima, rubani akishughulika na magurudumu, hadi mafuta yakaisha. Walikufa 10. Ajali hizi mbili zilichangia sana kubadilisha mafunzo: mmoja arushe ndege, mwingine ahangaike na hitilafu, na msaidizi aruhusiwe kumwambia nahodha kwamba anakosea. Hata leo nikisikia gurudumu limekwama, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni nani ameshika usukani.

Kwa nini ndege yenye hitilafu huzunguka angani badala ya kutua upesi?

Hitilafu ya gurudumu si moto, haidai haraka. Marubani wanapata nafasi ya kupitia orodha ya hatua zao, zima moto wanajipanga, na mafuta yanapungua. Ndege nyepesi hutua kwa kasi ndogo, na mafuta machache ni hatari ndogo ya moto. Baadhi ya ndege humwaga mafuta hewani, ila Airbus A320 haina mfumo huo. Ndiyo maana 21 Septemba 2005 A320 moja ya shirika la JetBlue, gurudumu lake la mbele likiwa limegeukia upande, ilizunguka saa kadhaa kabla ya kutua Los Angeles kwa cheche nyingi. Hakuna aliyeumia. Abiria walikuwa wakijitazama kwenye televisheni za viti vyao, moja kwa moja. Mimi ningeizima.

Na yakikataa kabisa kutoka?

Kwanza kuna njia ya akiba. Presha ya haidroliki (mafuta yanayosukuma magurudumu) ikipotea, makufuli hufunguliwa na magurudumu huanguka kwa uzito wake yenyewe. Hilo likishindikana, ndege hutua kwa tumbo. Tarehe 1 Novemba 2011, nahodha Tadeusz Wrona alilaza Boeing 767 ya LOT, shirika la Poland, kwenye uwanja wa Warsaw ikiwa na watu 231, na wote walitoka hai. Wachunguzi walikuta kikata umeme kimoja kimefyatuka ndani ya chumba cha marubani. Kingerudishwa, magurudumu yangetoka.

Lakini tumbo linahitaji nafasi ya kuteleza. Tarehe 29 Desemba 2024 huko Muan, Korea Kusini, Boeing 737 ya Jeju Air ilitua bila magurudumu, ikapitiliza njia na kugonga tuta lenye zege. Kati ya watu 181 walipona wawili.

Si bora watue majini, maji ni laini?

Hapana. Kwa kasi ile maji hayana ulaini wowote, na hayana gari la zima moto. Njia ya lami ndiyo chaguo.

Mimi abiria nifanye nini?

Funga mkanda ukaze, inama kama wahudumu wanavyoelekeza, na ubaki hivyo mpaka ndege isimame kabisa. Kisha toka bila mkoba. Ndege za abiria hupimwa kama watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 wakitumia nusu tu ya milango, na majaribio hayo hufanywa bila mtu kuteremsha begi. Usikimbilie mlango uliouzoea pia: guu moja la magurudumu likivunjika ndege hulala upande, na slaidi (mtelezo wa kutokea) ya upande ulioinuka inaweza isifike chini. Mhudumu akisema mlango huu haufai, geuka.